Kutopigwa shoti hakumaanishi mashine ni salama

Wengi huamini kuwa mashine ya hospitali ukiigusa isikupige shoti, basi ni salama. Sivyo. Mtu huanza kuhisi umeme unapokaribia miliampea 1. Lakini mgonjwa mwenye waya wa kusaidia mapigo uliofika ndani ya moyo hana tena kinga ya ngozi, na hata sehemu ya kumi ya kiasi hicho yaweza kuvuruga moyo wake. Muuguzi akishika mashine inayovujisha umeme kwa mkono mmoja na ncha ya nje ya waya huo kwa mwingine, hahisi chochote, ilhali umeme unapita mwilini mwake hadi kwa mgonjwa. Inatisha, kwa kweli. Kwa hiyo ncha hizo hufunikwa, hushikwa kwa glavu, na waya wa ethi wa mashine, unaopeleka umeme uliovuja ardhini, haukatwi kamwe. Uvujaji wenyewe hupimwa na fundi wa vifaa tiba, kwa kipimo maalumu.