Kiti cha fasti klasi cha Lamu hakipo

Novemba ikiingia, simu yangu huanza kuleta ombi lilelile. "Shangazi, nikatie fasti klasi mpaka Lamu, pesa si tatizo." Anasema hivyo kijana wetu wa mtaa wa Langoni aliye ughaibuni, anasema bwana harusi wa Nairobi, anasema mama aliyeweka akiba mwaka mzima ili aje kupumzika. Nakata tiketi katika mji huu wa Lamu mwaka wa 19 sasa, na wiki iliyopita peke yake nimelijibu ombi hilo mara sita. Basi nalijibu hapa kwa urefu, kila mtu asome.

Dhana: Lamu kuna fasti klasi, ila wakala hataki kuitafuta

Haipo. Shirika la Jambojet, wanaotoka uwanja wa Jomo Kenyatta, Nairobi, wanarusha ndege ya Dash 8-400 yenye viti 78, viwili kushoto na viwili kulia, tangu safu ya mbele hadi ya mwisho, na vyote ni daraja moja. Safarilink na Skyward mara nyingi wanatoka Wilson, uwanja mwingine wa Nairobi, kwa ndege ndogo zaidi. Ukipangiwa Cessna Caravan ya Safarilink, hiyo ni ndege ya injini moja inayobeba watu wasiofika matatu moja iliyojaa, na choo haina. Humo hakuna pazia la kutenga wakubwa na wadogo. Hata Kenya Airways hawana daraja la kwanza. La juu kwao ni bizinesi, na kwa pwani yetu linaishia Mombasa, kwenye Embraer 190 yenye viti 12 vya bizinesi na 84 vya kawaida.

Najua dhana hii inatoka wapi. Marekani ndege za ndani zina fasti klasi kweli, na safari ya Los Angeles hadi Honolulu, kisiwani kabisa, ni ya ndani kwa sababu Hawaii ni jimbo lao. Mtu akishaipanda hiyo, kwake "ndege ya ndani ya kwenda kisiwani" inakuja na kiti kipana. Lakini tazama alichonunua kule. Kwenye Boeing 737 ni viti vinne kwa safu badala ya sita, vinavyolala nyuma zaidi kidogo, pamoja na chakula. Kitanda chenyewe kiko kwenye baadhi ya ndege kubwa tu. Na kule wanakaa angani saa tano, saa sita, chini ni maji matupu. Nairobi hadi Manda, kisiwa chenye uwanja wa ndege wa Lamu, kwa Dash 8-400 ni kama saa moja na kidogo. Kitanda cha saa moja utakifanyia nini?

Kiti ningekinyamazia. Kinachonichoma ni mzigo, kwa sababu hapo ndipo dhana hii inamtoa mtu machozi. Mashirika makubwa ya Marekani humruhusu abiria wa fasti klasi masanduku mawili, kila moja hadi kilo 32. Mtu hufika Wilson akiamini haki ile inamfuata mpaka Lamu. Haimfuati. Tiketi mbili zilizonunuliwa mbali mbali ni safari mbili, kila moja na sheria zake, na ndege ndogo za Wilson mara nyingi hukupa kilo 15, tena kwenye begi laini linalokubali kubanwa. Mzigo wa ndege ndogo ni hesabu ya usalama. Rubani anahesabu uzito wote na mahali unapokaa, mbele au nyuma, kwa sababu ndege ikielemea mkia haitulii hewani. Ndiyo maana wakati mwingine hata wewe mwenyewe unahamishwa kiti. Usigombane na mtu wa mzani.

Desemba iliyopita nilikuwa Wilson narudi nyumbani, mbele yangu kijana na mamake. Alikuwa ametoka Minneapolis na masanduku mawili ya plastiki ngumu. La kwanza likapandishwa mzanini: 31. Akapiga magoti pale sakafuni akalifungua, watu wote wanaona. Viatu vya watoto, chupa za vitamini, blenda ndani ya boksi lake, na juu kabisa doti tatu za kanga ambazo mama alinunua Nairobi. Mama amesimama na buibui lake, kashika pasipoti ya mwanawe kwa mikono miwili, hasemi kitu. Mwisho sanduku moja lilirudi mjini na binamu yao, na kijana akapanda ndege na blenda mapajani. Angenipigia simu wiki moja kabla, sanduku lingekuja kwa basi mpaka Mokowe, gati la upande wa bara, na boti ingelivusha. Hilo nalifanya kila wiki, na ni rahisi kuliko kilo za ziada.

Halafu kuna herufi. Mtu anaona kwenye tiketi yake M au K, ya jirani yake Y, anakuja ofisini akidai amewekwa daraja la chini. Ni kweli kwamba kwa mazoea ya mashirika F ni daraja la kwanza, J na C ni bizinesi, Y ni la kawaida. Herufi nyingine nyingi ni bei tofauti za daraja lilelile la kawaida. Wawili mnaweza kugusana viwiko, mmoja kalipa nusu ya mwenzake. Tofauti iko kwenye masharti: nani anaweza kubadilisha tarehe, nani atarudishiwa pesa, nani ana kilo zaidi.

Hapo ndipo ninapowaomba watu waweke pesa yao. Nunua nauli inayobadilika, hasa ukiwa unaunganisha na ndege ya kutoka ng'ambo inayoweza kuchelewa. Lipia boti ya peke yenu kutoka Manda. Chukua chumba cha juu chenye upepo, kwa maana usiku wa Februari ukiwa chumba cha chini hutasahau. Na kama kweli mnataka kusafiri kifalme na mko tisa au kumi, kodini ndege nzima. Unalipia ndege, si kichwa, saa ya kuondoka mnaichagua, mkigawana hesabu huwa haitishi kama watu wanavyodhani. Mwaka uliopita nilifanya hivyo kwa familia moja yenye bibi wa miaka 80, wakaondoka alipomaliza kunywa chai yake. Hiyo ndiyo fasti klasi ya Lamu.

Dhana: Kiti cha mbele ndicho kizuri

Kwenye Dash 8 kelele kubwa iko usawa wa rafadha, zile panga zinazozunguka, na rafadha ziko mbele ya bawa. Wanaogombania viti vya usawa huo wanagombania ngurumo. Mimi huwaweka wateja wangu nyuma ya bawa. Na usiogope bawa kukuzibia: Dash 8 na Caravan zote mabawa yao yako juu ya madirisha, kwa hiyo madirisha mengi yanaona chini. Utauona mto Tana unavyojipinda kabla haujafika baharini.

Dhana: Ndege ya panga ni ya zamani

Injini yake ni tabo, jamaa ya ile ya jeti, ila nguvu yake nyingi inakwenda kuzungusha rafadha. Imeundwa hivyo ili itue na kuruka kwenye viwanja vifupi kama cha Malindi bila kula mafuta mengi. Basi.

Dhana: Wilson na Jomo Kenyatta ni mle mle

Ni viwanja viwili, na baina yao kuna foleni ya Nairobi. Ukitua Jomo Kenyatta kutoka ng'ambo na ndege yako ya Lamu iko Wilson, jipe saa nne. Wakikucheka, wacheke. Nimeshabadilisha tiketi za kutosha za waliojipa saa mbili.

Dhana: Nitashuka Malindi, nichukue teksi mpaka Lamu

Malindi hadi Mokowe ni zaidi ya kilomita 200, kupitia Garsen na Witu, na ukifika Mokowe bado una boti. Kama unakwenda Malindi au Watamu, shuka Malindi. Kama unakuja kwetu, njoo Manda.

Dhana: Ndege inatua Lamu

Inatua kisiwa cha Manda. Unatoka uwanjani kwa miguu, mzigo wako unasukumwa kwa mkokoteni mpaka gatini, unavuka kwa boti kama dakika kumi mpaka mjini, au unaelekea kijiji cha Shela. Teksi haipo, na mtu aliyenipigia akiwa pale gatini kuuliza dereva wake yuko wapi sikumlaumu, kwa sababu aliyemkatia tiketi hakumwambia.

Hapa nasisitiza jambo ambalo halimo kwenye tiketi yoyote: maji. Yakijaa, boti iko sawa na gati na unaingia kama unavyoingia mlangoni. Yakipwa, hasa siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, boti iko chini sana na ngazi za chini zina mwani wenye utelezi. Vaa viatu bapa. Usimpe nahodha vidole, mpe mkono akushike kwenye kifundo, nawe umshike hivyo hivyo, halafu ushuke yeye akikwambia, maana anasubiri wimbi. Ukija na mzee, niambie siku ya kukata tiketi. Nitaangalia maji ya saa ile, nikuchagulie ndege inayotua yakiwa yamejaa, na ikishindikana nahodha atakuja na mtu wa pili.