Maumivu ya kano la Achilles: kwa nini kupumzika peke yake hakutoshi

Bana nyuma ya mguu kwa kidole gumba na cha shahada, juu kidogo ya kisigino. Hiyo kamba ngumu unayoishika ndiyo kano la Achilles. Linaunganisha misuli ya shavu la mguu na mfupa wa kisigino, na ndilo kano nene na lenye nguvu kuliko yote mwilini. Ukikimbia, kila hatua hulibebesha mzigo unaoweza kufika mara sita ya uzito wako, hata zaidi.

Linapouma kwa kutumika kupita kiasi, kwa kawaida hakuna siku moja uliyoumia. Kano limesukwa kwa nyuzi za kolajeni (protini imara ya mwili) zilizolala sambamba. Mazoezi huzichakaza kidogo, kisha mwili huzitengeneza. Ukiongeza ghafla umbali, kasi au vilima, uchakavu huutangulia ukarabati: nyuzi hupoteza mpangilio na kano hunenepa, hasa sentimita 2 hadi 6 juu ya kisigino. Tatizo kuu ni uchakavu wa nyuzi, ndiyo maana dawa za kupunguza uvimbe hutuliza maumivu bila kulijenga upya kano.

Dalili yake utaijua asubuhi. Hatua za kwanza kutoka kitandani ni za kuchechemea, mguu umekaza, kisha baada ya dakika chache unalegea. Wengi hudhani limepona, wakatoka kukimbia, na kesho yake hali ni mbaya zaidi.

Wengine hulala wiki nzima wakisubiri. Nawaelewa, ila kano lisilopewa kazi hudhoofika. Punguza mbio na kuruka, kisha lipe mzigo wa kipimo. Simama ukingoni mwa ngazi kwa sehemu ya mbele ya nyayo, ushike ukuta. Inuka kwa miguu yote miwili, hamishia uzito kwenye mguu unaouma, halafu shusha kisigino polepole hadi kipite chini ya ukingo. Rudia mara 15, seti 3, goti likiwa limenyooka. Kisha vivyo hivyo goti likiwa limekunjwa kidogo. Fanya mara mbili kwa siku kwa wiki 12. Utaratibu huu aliuchapisha daktari Msweden Håkan Alfredson na wenzake mwaka 1998. Maumivu kidogo wakati wa zoezi yanavumilika, mradi asubuhi inayofuata yasiwe yamezidi.

Kama panapouma ni pale kano linaposhikana na mfupa, usishushe kisigino chini ya usawa wa ukingo. Kushusha zaidi hulibana kano dhidi ya mfupa.

Sindano ya steroidi (dawa kali ya kupunguza uvimbe) ndani ya kano ni ya kuogopwa, kwa kuwa inaweza kulidhoofisha hadi likatike. Antibayotiki za jamii ya ciprofloxacin nazo zinaweza kulidhuru. Ukianza kuumwa ukiwa unazitumia, mwambie daktari mara moja. Ukisikia mlio wa ghafla, kama umepigwa teke kwa nyuma, ukashindwa kusimama kwa ncha ya mguu huo, nenda hospitali siku hiyohiyo.