Mvutano wa bandia angani: sakafu ndiyo inayokusukuma

Dhana potofu zote kuhusu mvutano wa bandia, yaani uzito unaopatikana kwa kuzungusha chombo cha angani, zina mama mmoja: eti angani hakuna mvutano, ndiyo maana wanaanga huelea. Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu kipo takriban kilomita 400 kutoka ardhini, na huko mvutano wa dunia bado ni karibu asilimia 90 ya huu wetu. Ungejengwa mnara wa urefu huo ukapanda mizani kileleni, ungejikuta umepungua sehemu moja tu ya kumi. Wanaanga huelea kwa kuwa wao na kituo chao wanaanguka pamoja, huku wakienda mbele zaidi ya kilomita 7 kwa sekunde. Dunia ni mviringo, basi kila wanapoanguka, uso wake nao unajipinda, wasiufikie. Mvutano wanao. Wasichokuwa nacho ni sakafu ya kuwazuia.

Hapo ndipo linapokuja wazo la kuzungusha chombo, na pamoja nalo dhana sugu kuliko zote: "Chombo kikizunguka, kuna nguvu inayokutupa nje mpaka ukutani." Siwalaumu wanaoiamini, maana mwili wenyewe hutoa ushahidi wa uongo. Gari likikata kona kwa kasi, abiria huona kama anasukumwa mlangoni. Kumbe mwili wake unaendelea kunyooka na safari, na mlango ndio unaomjia na kumlazimisha apinde. Katika chombo chenye umbo la gurudumu, kani halisi ni ya sakafu, nayo husukuma nyayo kuelekea katikati. Msukumo huo ndio unaohisiwa kama uzito. Wahandisi huiingiza "nguvu ya kwenda nje" katika hesabu zao kwa mtazamo wa aliye ndani, na hawakosei, ila hiyo ni njia ya mkato ya kukokotoa.

Ukitaka kuhakikisha, mfikirie mtu anayeelea ndani ya gurudumu hilo bila kugusa chochote, wala hewa isiwepo ya kumburuta. Gurudumu litamzunguka tu, naye hatahisi uzito hata chembe. Au aliyesimama sakafuni aachie mpira: utakwenda kwa mstari ulionyooka, kwa kasi uliyokuwa nayo mkononi, hadi sakafu inayopinda ikutane nao. Yeye ataapa kwamba mpira umepinda njiani, kwa sababu utatua kando ya pale alipotarajia.

Wapo pia wanaodhani injini lazima iwake muda wote. Hapana. Kikishaanza kuzunguka, chombo huendelea chenyewe, kwani angani hakuna cha kukikwamisha.

"Basi tuchukue chombo kidogo tukizungushe haraka!" Kwenye karatasi inawezekana. Gurudumu la nusu kipenyo cha mita 10 litatoa uzito wa duniani likizunguka kama mara 9 na nusu kwa dakika. Tatizo ni kwamba mtu wa mita 1.8 atakuwa na uzito kamili miguuni na asilimia 82 tu kichwani, na akigeuza kichwa ghafla, sikio la ndani litamtia kizunguzungu na kichefuchefu. Kwa mizunguko 2 kwa dakika, ambayo wengi huivumilia, nusu kipenyo kinafika mita 224. Hata humo, ukikimbia mita 5 kwa sekunde kinyume na mzunguko, uzito wako unashuka hadi asilimia 80 hivi; ukigeuka na kukimbia upande wa mzunguko, unazidi ule wa duniani kwa zaidi ya sehemu moja ya tano.

Na si kweli kwamba jambo hili halijawahi kujaribiwa. Septemba 1966, wanaanga wa Marekani Charles Conrad na Richard Gordon, wakiwa ndani ya chombo cha Gemini 11, walikifunga kwa kamba ya mita 30 kwenye Agena, roketi isiyo na watu, wakavizungusha vyote viwili polepole. Mvutano waliopata ulikuwa mdogo mno, hata miili yao haikuuhisi.