Kangaga la mwambani: kukauka si kufa

Ukipanda mlima wenye miamba wakati wa kiangazi, chungulia kwenye nyufa za mawe, hasa upande usiopigwa na jua la mchana. Huenda ukaona vikonyo vyeusi, vyembamba kama waya, vikiwa na vijani vilivyojikunja na kupauka. Wengi hupita wakidhani mmea huo ulikufa zamani. Ni kangaga, na aghalabu liko hai. Wataalamu huliita Pellaea calomelanos, na neno hilo la pili lina asili ya Kigiriki: zuri na jeusi, kwa sababu ya vikonyo hivyo. Siku hizi baadhi ya wataalamu wamelihamishia katika jenasi (kundi la mimea yenye undugu wa karibu) ya Hemionitis, basi usishangae ukilikuta kwa majina mawili.

Ni mmea wa asili wa Kenya, Uganda na Tanzania. Huota pia Ethiopia, kusini hadi Afrika Kusini, na Madagaska. Kisha, bila mtu kutarajia, unalikuta tena Himalaya na katika eneo dogo la Katalonia huko Hispania.

Kulitambua si kazi ngumu. Mara nyingi halizidi sentimita 30 kwa urefu, na kwenye ufa mwembamba huweza kubaki chini ya 10. Jani limegawanyika mara mbili au tatu. Vijani vyake ni vigumu kama ngozi, vya rangi ya kijani iliyochanganyika na kijivu na buluu, umbo la pembetatu au moyo, na kila kimoja kina kijikonyo chake cheusi. Kigeuze. Utaona ukingo umekunjwa kwa chini, umefunika mstari wa vifuko vya spora, yaani zile chembe laini kama vumbi ambazo makangaga huzaliana kwazo, maana hayatoi maua wala mbegu. Makangaga ya Adiantum nayo yana vikonyo vyeusi, lakini majani yake ni mororo na hupenda mwamba unaochuruzika maji. Actiniopteris, kangaga jingine la nyufani, lina jani lililotanuka kama upepeo wa mvumo mdogo.

Linastahimilije ukavu? Mimea mingi ikipoteza maji mengi, utando wa seli hupasuka na mambo huishia hapo. Makangaga ya aina hii hujiandaa mapema: kadiri maji yanavyopungua, seli hukusanya sukari na protini zinazolinda utando huo usivunjike. Vijani navyo hujikunja, na hilo huvikinga dhidi ya mwanga mkali, kwa sababu jani lisilo na maji haliwezi kuutumia na mwanga huo hugeuka kuwa sumu kwake. Mvua ikinyesha, jani lililokauka polepole hukunjuka tena ndani ya siku moja au mbili. Lililokaushwa ghafla halipati muda wa kujiandaa, na mara nyingi haliamki. Majani makuukuu pia hayarudi. Vijani vyake hudondoka, vikonyo vikabaki vimesimama. Hapo usihukumu kwa majani. Angalia shina fupi lililolala ndani ya ufa, lenye magamba ya kahawia: likiwa gumu, mmea uko hai, likiwa laini, jeusi na lenye harufu ya uozo, umekwisha.

Kinacholiua kangaga hili likihamishiwa nyumbani kwa kawaida ni maji yanayotuama. Ndani ya ufa, mizizi hukaa kwenye udongo kiasi cha kiganja, maji hupita upesi na hewa huingia. Mtu akilichomoa, mizizi midogo iliyojipenyeza ndani hukatika na kubaki kwenye jiwe. Halafu analipanda kwenye udongo mzito, analiona limejikunja, anamwagilia kila siku. Wiki chache baadaye shina limeoza. Tena ufa ulioachwa wazi husombwa udongo na mvua ya kwanza, kwa hiyo spora zinazoanguka pale hazina pa kushika. Ndani ya hifadhi za taifa kung'oa mmea bila kibali ni kosa, lakini hata nje yake hatushauri.

Anayelitaka alioteshe kwa spora. Kata kijani kimoja au viwili ambavyo mstari wa ukingoni umegeuka kahawia iliyoiva. Ukiwa bado wa kijani, umewahi, na ukiwa umechanika na kuwa mtupu, umechelewa. Viweke ndani ya karatasi iliyokunjwa, mahali pakavu, kwa siku 2 hadi 3. Kisha inamisha karatasi na kuigonga taratibu: makapi huteleza kwanza, spora hubaki zimeng'ang'ania. Watu wengi hupanda makapi bila kujua.

Changanya mboji ya majani iliyochekechwa na mchanga mkavu wa chembe kubwa, sehemu sawa. Jaza chungu kidogo, mwagia mara mbili maji yanayochemka, funika hadi kipoe. Hatua hii usiiruke. Bila hiyo ukungu na mwani utatangulia. Nyunyiza spora chache sana juu, usizifukie kwa kuwa zinahitaji mwanga, kisha funika kwa plastiki angavu na uweke penye mwanga usio wa jua moja kwa moja, nyuzi 20 hadi 25 za Selsiasi. Uchache huo una sababu: zikisongamana hudumaa, na katika makangaga mengi vijimea vilivyotangulia kuota hutoa kemikali inayovifanya vijimea jirani vichanga kuwa na viungo vya kiume tu.

Baada ya wiki chache udongo huvaa rangi ya kijani, kisha hutokea vijibamba bapa vya milimita chache. Hivyo bado si kangaga lenyewe. Ni hatua ya kati, inayobeba viungo vya uzazi. Weka unyevu kwa kunyunyiza maji yaliyochemshwa na kupozwa. Majani ya kwanza huweza kuchukua miezi kadhaa. Yakifika sentimita 2, hamisha vipande pamoja na udongo wake kwenye mchanganyiko wa sehemu 2 za kokoto ndogo na mchanga mkubwa kwa sehemu 1 ya mboji, ukiliegemeza kila kangaga kwenye jiwe. Fungua plastiki kidogo kidogo kwa wiki 2 hadi 3. Ukiiondoa yote kwa mara moja, majani machanga yatakauka kwa ghafla, na ustahimilivu wa wazee wao hawajaupata bado.