Je, dawa ya maumivu ya bei ghali hutuliza zaidi?

Wengi huamini kuwa dawa ya maumivu yenye jina kubwa na bei ya juu hutuliza kuliko ile ya bei nafuu. Geuza pakiti zote mbili usome maandishi madogo: zikiandikwa paracetamol miligramu 500, kiambato kinachotuliza ni kilekile. Kinachotofautiana ni rangi, umbo, vijazio (vitu visivyo dawa vinavyojaza kidonge) na gharama za matangazo. Vidonge vingine huongezwa kafeini, na hilo pia huandikwa. Bei haithibitishi ubora. Hata dawa ghali hughushiwa, tena jina kubwa ndilo huwavutia waghushi. Nunua duka lenye leseni, uangalie namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Ila si kila dawa ni ya kubadili hivi hivi: anayetumia dawa za kifafa asibadili chapa kabla ya kumwuliza daktari au mfamasia.