Ada ya Soko Hupangwa na Nani? Elimu ya Uraia kwa Mkazi wa Kisumu

Mama anayeuza sukuma wiki katika soko la Kibuye hulipa ada kila anapotandaza bidhaa zake. Ukimuuliza nani aliyepanga kiwango hicho, huenda akakujibu, "Ni kanjo." Lakini kanjo ni mkusanyaji tu. Ada za aina hiyo huwekwa katika Sheria ya Fedha ya kaunti, ambayo hujadiliwa na bunge la kaunti ndani ya siku 90 baada ya kupitishwa kwa sheria ya matumizi, yaani ile inayoidhinisha fedha za bajeti zitumike. Kifungu cha 196 cha Katiba kinalilazimu bunge hilo kuwashirikisha wananchi. Mama huyo ana haki ya kusikizwa kabla ada haijapandishwa, na inasikitisha kwamba wengi walio katika hali yake hawajaambiwa hivyo.

Kwa maoni yangu, elimu ya uraia inayomfaa mwananchi zaidi ni ile inayomwonyesha uamuzi unafanywa na nani, na lini. Kifungu cha 1 kinasema mamlaka yote kuu ni ya watu wa Kenya. Kukijua ni vyema. Kujua tarehe za bajeti ni vyema zaidi.

Wengi wetu huanza kuzungumzia bajeti mwezi Juni, na wakati huo mengi yamekwisha kuamuliwa. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, lakini mpango wa maendeleo wa mwaka huo hutakiwa kufika katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba ya mwaka uliotangulia. Kufikia mwisho wa Februari huwasilishwa mkakati wa fedha unaoweka kikomo cha matumizi ya kila idara, na makadirio yenyewe hufuata kufikia tarehe 30 Aprili. Mkazi wa Nyalenda anayetaka zahanati iongezewe dawa aanze kusema Agosti. Na aseme na kaunti, kwa sababu zahanati, masoko na shule za chekechea ziko chini yake. Walimu wa sekondari na polisi ni wa serikali ya kitaifa. Kumlaumu gavana kwa upungufu wao ni kupoteza nguvu.

Mwaka wa 2024 vijana waliusoma Mswada wa Fedha wa kitaifa kifungu kwa kifungu na kuufafanua mitandaoni. Rais alikataa kuutia saini, baada ya maandamano ambamo watu walipoteza maisha. Natamani usomaji makini wa namna hiyo uelekezwe pia kwa bajeti za kaunti, mapema, watu wakiwa wameketi vikaoni salama.

Mzigo huu si wa mwananchi peke yake. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inaitaka kila kaunti iwe na mpango wa elimu ya uraia. Kikao kinachotangazwa jana na kufanyika leo, hati zikiwa za Kiingereza kitupu, hakitimizi lengo hilo.

Ukinyimwa hati, iombe rasmi. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaruhusu ombi kuandikwa kwa Kiswahili, na ofisi hutakiwa kukujibu ndani ya siku 21. Asiyejua kuandika anaweza kulitamka, na afisa ana wajibu wa kumwandikia.