Kuhifadhi si kuanika: picha na kanda za wasanii wanawake

Inapokaribia tarehe 27 Oktoba, siku ambayo UNESCO imeitenga kwa ajili ya urithi wa sauti na picha, sisi wa hifadhi ya nyaraka huwa tunaziomba familia za wasanii zitufungulie makabati. Hapa Unguja jibu tunalolipata zaidi ni hili: "Mwanangu, humu mna mambo ya wanawake, hayatoki nje." Tunaliheshimu. Linalotuumiza ni kwamba msanii akishazikwa, vitu hivyo mara nyingi huchomwa moto.

Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab, alirekodi Bombay mwaka 1928. Santuri zilitolewa kwa nakala nyingi, ndiyo maana sauti yake tunayo hadi leo, lakini picha zake zinazojulikana ni za kuhesabu. Bi Kidude, aliyetutoka Aprili 2013, dunia ilimjua kwa taarab; wenyeji walimjua pia kwa ngoma ya unyago, na unyago si wa macho ya kila mtu. Picha iliyopigwa humo ndani ni kumbukumbu ya fani, na ni siri ya watu vilevile. Hifadhi ya nyaraka inaweza kuyabeba yote mawili.

Niseme wazi, maana tumelirudia hadi tumechoka: kukabidhi si kuanika. Anayekabidhi hujaza hati ya makabidhiano, na ndani yake mna sehemu ya masharti. Unaweza kuandika kwamba bahasha fulani isifunguliwe kwa miaka 30, au ionwe na watafiti wanawake peke yao, au isitolewe nakala kabisa. Warithi wote waridhie na watie saini. Asije mmoja akaleta sanduku, kesho nduguye akalidai. Njooni na hati ya mirathi kutoka Mahakama ya Kadhi au Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana.

Tena, kutukabidhi kaseti si kutukabidhi hakimiliki. Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki ambao Tanzania imo, unaulinda utunzi uhai wote wa mtunzi na angalau miaka 50 baada ya kifo chake. Haki hiyo inabaki kwa warithi mpaka waihamishe wenyewe kwa maandishi. Msomaji akinakili bila idhini, tunamfungia ruhusa ya kusoma, na sheria ya hakimiliki ina faini na kifungo. Kwa hiyo hofu kwamba "mtaziuza" haina msingi.

Mwaka mmoja tuliletewa bati la biskuti lenye kaseti kumi na moja. Ya tatu ilikuwa na bibi akifanya mazoezi nyumbani, kinanda kikimfuata taratibu, mtoto akilia kwa mbali. Katikati ya ubeti sauti ikakatika, yakaingia matangazo ya mpira. Kijana wa nyumba alikuwa amerekodi juu yake. Vile vipande viwili vidogo vya plastiki mgongoni mwa kaseti vingevunjwa, redio isingekubali kurekodi. Vivunjeni leo.

Mkebe wa filamu ukinuka siki, usiufunge tena ukausukuma uvunguni: filamu yenyewe inaoza, na mvuke wake huambukiza za jirani. Utenge, uulete. Kanda yenye ukungu msiijaribu kwenye mashine, na picha msizipanguse kwa kitambaa cha maji. Wala msituambie "tumeshazipiga kwa simu". Nakala ya simu ni ya kutazamia. Sisi sauti tunaihamisha kwenye kompyuta kwa ubora wa juu, kiwango cha biti 24, bila kuibana, na kanda ya asili tunaitunza.

Msipange upya chochote kabla ya kuleta. Mpangilio wa bibi mwenyewe, nini alikiweka pamoja na nini, nao ni habari. Mnachoweza kufanya ni kuandika majina nyuma ya picha kwa penseli laini, si kalamu ya wino. Wanaozijua sura hizo ni wenzake wa kikundi, na wengi wao sasa hawatoki nyumbani. Wapelekeeni albamu wiki hii, wakiwa bado wanaona.